Bustani ya maua kwenye baridi ya Marangu juu: mimea ipi itakubali?

Swali: "Nimestaafu na kurudi kwenye kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, huku Marangu kwenye mlima Kilimanjaro, sehemu ya juu, si mbali na mpaka wa msitu. Simu yangu inaonyesha mita 1,700. Mwaka jana nilinunua bogenvilia, haibiskasi na mipapai kwenye kitalu kimoja mjini Moshi, nikaipanda Aprili, masika yakiwa yamekolea. Kufikia Agosti haibiskasi zilibaki vijiti, mipapai ilioza kwenye shingo ya shina, na bogenvilia zina majani matupu bila ua hata moja. Mwanangu anayeishi Ujerumani anasema kule baridi ni kali kuliko kwetu na bado bustani zinapendeza, hivyo amejitolea kuniletea vitunguu vya tulipu, miche ya tufaha na mbegu za lavenda. Je, nikubali? Na kama sivyo, nipande nini?"

Jibu:

Shikamoo Mama, na pole kwa hasara uliyoipata. Jibu langu la haraka ni kwamba mwanao asubiri kwanza, kwa sababu miche uliyoipoteza ilitoka mahali penye joto kuliko kwako, naye sasa anataka kukuletea mimea ya mahali penye baridi kuliko kwako, na mimea ya aina zote mbili itakutana na shida ileile: haikuzaliwa kwa ajili ya baridi ya aina yako. Baridi ya mlimani kwetu ina tabia zake, na ukishazielewa, kuchagua mimea kutakuwa kazi nyepesi.

Tuanze na hesabu. Joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900, nawe uko 1,700, kwa hiyo tofauti kati ya kitalu ulichonunulia na shimo ulilopandia ni kama nyuzi 5, usiku na mchana, mwaka mzima. Nyuzi 5 kwa mwanadamu ni suala la kuvaa sweta. Kwa haibiskasi, ambayo huanza kuumia usiku ukishuka kuelekea nyuzi 10, ni suala la uhai. Ongeza mvua: mji wa Moshi hupata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka, ilhali ukanda wa msitu ulio juu yako, upande huu wa kusini wa mlima, hupata zaidi ya milimita 2,000. Kisha ongeza ukungu wa Juni, Julai na Agosti, ambao unaweza kulifunika jua siku nyingi mfululizo. Mizizi ya mmea wa joto ikikaa kwenye udongo baridi uliolowa hushindwa kufyonza chakula hata kama samadi imejaa, majani yanageuka njano, machipukizi ya maua yanadondoka, na vimelea vya kuoza vinaingia pale shina linapogusana na udongo. Ndiyo maana mipapai yako ilioza shingoni. Bogenvilia ilinusurika kwa sababu ni ngumu, lakini ili ichanue inahitaji jua kali kwa saa tano au sita kila siku na kipindi cha ukavu, na hayo mawili hukuwa nayo.

Sasa baridi ya Ujerumani. Kule baridi huja kwa msimu mmoja, ikaua au kulaza kila kitu, kisha ikaondoka na kufuatwa na majira ya joto yenye mchana mrefu. Mjini Berlin mwezi Juni mchana hukaribia saa 17, na Desemba hauzidi saa 8. Mimea ya huko imejifunza kuhesabu: inalala ikiona mchana umefupika, inadai ipigwe na baridi ya kutosha, ndipo inaamka. Marangu, nyuzi 3 kusini ya ikweta, mchana wa Juni na ule wa Desemba hutofautiana kwa dakika kama ishirini tu. Baridi yako huja kila usiku na kuondoka asubuhi, mwaka mzima, bila kufikia ile ya kugandisha umande. Mmea wa Ulaya ukiwekwa hapo haupati ishara ya kulala wala ya kuamka, ukabaki kama msafiri aliyeachwa kituoni bila kuambiwa basi linaondoka lini.

Kwa hiyo tulipu nakushauri usizipokee. Kitunguu chake kinahitaji wiki 12 hadi 16 za baridi ya kwenye jokofu kabla ya kupandwa, na jokofu hilo lisiwe na matunda yanayoiva, kwa sababu hewa inayotolewa na ndizi mbivu huliua ua likiwa bado changa ndani ya kitunguu. Katika nyumba ya Kichagga yenye mikungu ya ndizi jikoni, hilo peke yake ni mtihani. Hata ukifaulu, zitachanua mara moja, na mwaka unaofuata utapata majani mawili matatu na basi. Lavenda nayo ni ya vilima vikavu vyenye chokaa kando ya bahari ya Mediterania. Udongo wako una tindikali na maji mengi, itaoza. Ukipenda harufu ya namna hiyo, panda rozmari kwenye chungu chenye mchanga mwingi, chini ya ukingo wa paa ambapo mvua haifiki.

Tufaha ni habari tofauti kidogo. Aina nyingi za Ulaya hudai mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 hivi, ambazo kwako hazipatikani, kwa maana usiku wa Julai ni baridi lakini kwa kawaida hauteremki kiasi hicho kwa muda mrefu. Zipo, hata hivyo, aina zilizochaguliwa kwa ajili ya nchi zisizo na baridi kali, kama Anna iliyotoka Israeli na Dorsett Golden iliyotoka Bahama, na hizo mbili huchavushana, kwa hiyo hupandwa pamoja. Lushoto, kwenye milima ya Usambara, wakulima wamezoea kuvuna tufaha, peasi na plamu, na katika nchi za joto wapo wanaoupukutisha mti majani kwa mkono baada ya mavuno ili uamke na kuchanua upya. Ukitaka tufaha, tafuta miche ya aina hizo iliyobebeshwa hapahapa nchini. Jambo jingine la kumweleza mwanao ni kwamba kuingiza miche, mbegu au vitunguu vya maua nchini bila kibali ni kosa. Kibali hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake makuu yako Arusha, na sababu yake ni nzito: ugonjwa mmoja uliojificha kwenye udongo wa mche unaweza kuingia kwenye kahawa na migomba ya kijiji kizima.

Nadhani mwanao atakutajia pia "kanda" zinazoandikwa kwenye pakiti za mbegu na kwenye video za bustani. Mfumo huo ni wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, ulianza kuchapishwa mwaka 1960, na huigawa nchi kwa kigezo kimoja tu, yaani baridi kali zaidi ya usiku wa majira ya baridi. Ukiufuata, Marangu itaangukia kundi moja na kusini mwa Florida, kwa sababu kote kuwili hakugandi. Lakini Florida ina miezi ya joto linaloivisha maembe, nawe huna hata mwezi mmoja wa namna hiyo. Kanda inakueleza kama mmea utakufa kwa baridi; haikuelezi kama utapata joto la kutosha kuishi kwa furaha, na kwetu mlimani hilo la pili ndilo linaloamua. Usiitumie.

Tumia badala yake swali hili: mmea huu kwao ni wapi? Jibu likiwa ni mlima wa nchi za joto, kama vile Andes, nyanda za juu za Meksiko, milima ya Afrika Kusini, au msitu ulio juu ya nyumba yako, basi mmea huo unaujua ukungu, unaijua baridi ya kila usiku, na wengi wao hawajali urefu wa mchana. Kisha hakikisha kwa macho. Panda na njia asubuhi kuelekea kwa majirani wanaokaa juu yako, uangalie kilichochanua kwenye vihamba vyao, na uombe vipandikizi. Kipandikizi cha jirani wa juu kina thamani kuliko mche mzuri wa kitaluni, kwa sababu mama yake ameshapita kwenye Julai kumi au ishirini za hapo.

Kwa maua ya kichaka, chaguo langu la kwanza kwako ni haidrenjia. Hiyo asili yake ni Japani, kwa hiyo inavunja kidogo kanuni niliyoitoa sasa hivi, lakini inachokikosa mjini Moshi ndicho kinachoipendeza kwako: ili itunge maua, inahitaji wiki kadhaa za ubaridi wa chini ya nyuzi 18 hivi, na usiku wako unaitosheleza bila tabu. Inapenda ukungu, inapenda udongo wenye mboji, na kivuli chepesi cha migomba hakiidhuru. Rangi yake hutegemea udongo. Kwenye udongo wenye tindikali, madini ya alumini huyeyuka na kufyonzwa na mizizi, ua likawa la bluu; tindikali ikipungua, alumini inafungwa na ua linakuwa la waridi. Zile nyeupe hazibadiliki. Nimewahi kuona, katika kihamba kimoja cha hukohuko Marangu, mstari wa haidrenjia saba zilizokatwa kutoka shina moja. Tano zilikuwa za bluu iliyokoza kama sare ya shule, na mbili za mwisho, zilizogusana na ukuta wa matofali ya saruji, zilikuwa za waridi. Mwenye nyumba aliamini kwamba aliuziwa mbegu mbili. Tulifukua kidogo kwenye mguu wa ukuta tukakuta vipande vya saruji vilivyomwagwa na mafundi, na chokaa yake ndiyo iliyokuwa ikiila tindikali ya udongo. Majivu ya jikoni hufanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo ukitaka bluu, majivu yapeleke kwenye migomba na uyaweke mbali na haidrenjia. Usiikate hadi chini, kwa maana matawi ya mwaka uliopita ndiyo yanayobeba maua. Kata kichwa kilichonyauka tu, hadi juu ya jozi ya kwanza ya machipukizi manene.

Udongo huohuo wenye tindikali utaifaa azalia, na pia kamelia, ambayo ni ndugu wa chai. Sehemu ambayo chai ingestawi, kamelia haitakulalamikia, ingawa hukua polepole na itabidi uwe na subira nayo.

Kwa mipaka ya njia, panda agapanthasi, yale maua ya bluu yenye kichwa cha mviringo kwenye bua refu. Kwao ni Afrika Kusini, yanavumilia mvua na kiangazi, na ukiyagawa kila baada ya miaka michache huna haja ya kununua tena. Pale maji yanapotuama, kando ya mfongo (mfereji wa asili wa Wachagga) kwa mfano, weka kala nyeupe, ambayo pia ni ya Afrika Kusini na ni miongoni mwa maua machache yanayofurahia miguu iliyolowa. Klivia iende chini ya kivuli kizito. Fyusha kutoka milima ya Amerika Kusini itaning'inia vizuri ukingoni mwa baraza. Dalia, ambayo ni ya nyanda za juu za Meksiko, itakupa rangi nyingi kuliko mmea mwingine wowote, lakini viazi vyake huoza haraka kwenye maji, kwa hiyo ipande juu ya tuta lililoinuliwa kama la viazi vitamu. Jeraniamu ziweke kwenye vyungu barazani.

Mawaridi utayatamani, maana ukipita Usa River unaona mashamba yanayoyauza nje. Mashamba hayo yako chini zaidi ya kwako, na maua yao hukua ndani ya vibanda vya plastiki ambako majani hayaloweshwi na mvua. Kwako waridi litakua taratibu na kutoa ua kubwa lenye rangi nzito, lakini majani yatasumbuliwa na madoa meusi na ubwiri kila ukungu unapokaa. Panda mawili au matatu, mahali penye upepo, mbali na migomba, uyapogoe yawe wazi katikati. Bustani nzima ya mawaridi nisingekushauri.

Na tafadhali usisahau ya nyumbani. Masale, ambayo wazee wetu waliyatumia kuweka mipaka ya kihamba na kuombea msamaha, ni mmea wa pambo wa hali ya juu. Ukiupanda kwa mafungu ya matano au sita nyuma ya haidrenjia, yale majani yake ya kijani hutengeneza ukuta ambao hakuna mche wa dukani unaoufikia. Makangaga yatajaza kona zenye giza. Katika msitu ulio juu yako kuna ua dogo jekundu lenye mkia wa njano uliopinda, Impatiens kilimanjari, ambalo duniani kote humea kwenye Kilimanjaro tu. Najua mkono utawasha kuling'oa, lakini msitu huo uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na kuchukua mmea humo ni kosa kisheria. Zipo impeshensi nyingine za bustanini zinazofanana nalo ambazo majirani wanazo, na zinakubali sana baridi yenye unyevu.

Naomba nikuonye kuhusu jambo moja linalonihangaisha kila ninapotembelea vihamba vyenye ng'ombe wa ndani. Majani ya haidrenjia, ya kala, ya azalia na ya lile ua kubwa la tarumbeta linaloning'inia yana sumu. Siku ya kupogoa, kijana wa kazi akiona fungu zuri la kijani, jambo la kwanza atakalofikiri ni kulitupia ng'ombe. Mweleze mapema, na kama una wajukuu wadogo, tarumbeta usiipande kabisa.

Mahali pa kupanda pana uzito sawa na mmea wenyewe. Usiku hewa baridi ni nzito, nayo huteremka kutoka mlimani kama maji kwenye mfereji, ikikutana na ukuta au uzio mzito uliokatiza mteremko inatuama hapo. Toka nje saa kumi na mbili asubuhi mwezi Julai, utembee kutoka juu ya kihamba chako hadi chini ukiwa na miguu mitupu, na miguu itakuambia mahali penye dimbwi la baridi. Kama ni nyuma ya uzio wa chini, fungua nafasi ili hewa ipite, na mimea iliyo dhaifu uipandishe juu.

Kuhusu wakati, najua desturi yetu ni kupanda masika. Kwa mahindi ni sawa. Kwa mche wa maua kwenye mita 1,700, kuupanda Aprili ni kuupeleka moja kwa moja kwenye miezi minne ya maji na giza kabla haujashika mizizi. Panda Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, mvua za vuli zinapoanza na joto linapopanda, ili mche upate miezi mitano au sita ya kujijenga kabla ya baridi. Chimba shimo pana, uchanganye samadi iliyooza kabisa na udongo wa juu, kisha rudishia hadi mche ukae juu kidogo ya usawa wa ardhi, usiwe kwenye bakuli la kukusanya maji. Matandazo ya majani makavu ya migomba ni mazuri, ila yaache umbali wa kiganja kutoka kwenye shina. Na ukilazimika kununua miche kwenye vitalu vya kando ya barabara ya Moshi na Arusha, muulize mwenye kitalu imekulia wapi, na ukifika nayo nyumbani iweke barazani kwa wiki mbili kabla ya kuipanda, ili izoee usiku wa huko polepole.

Kwa matunda, badala ya mpapai panda mgogwe (nyanya ya mti), ambao ni mzaliwa wa Andes, na pasheni ya zambarau. Ile ya njano ni ya huku chini. Zote mbili zinaweza kukuzalia ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili.

Bogenvilia zilizobaki usizing'oe bado. Chagua moja yenye shina nene, ihamishie kwenye pipa lililotobolewa chini, lenye udongo uliochanganywa na mchanga, na uliweke kwenye ukuta wa nyumba unaotazama Kibo, kilele cha mlima. Katika miezi ya baridi jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta huo ndio unaopata jua lote linalopatikana, na jioni unarudisha joto ulilolihifadhi. Usiipe samadi, imwagilie pale tu udongo unapokauka hadi kina cha kidole, na uiangalie kuanzia Januari hadi Machi. Ikikataa kuchanua hata hapo, mpelekee ndugu yeyote anayekaa Himo au mjini, na pipa ulijaze begonia.